Bustani Isiyo na Mwenyeji

Njia itokayo Nyakasimbi ilipanda kilima cha Kashanje moja kwa moja kama mtu mwenye haraka zake, ikafika hatua chache tu kutoka lango la boma, kisha ikakata kona ghafla, ikashuka upande wa bondeni na kulizunguka boma lote kwenye tope. Masika yalikuwa yamepamba moto. Kina mama walipita huko chini na mikungu ya ndizi kichwani, tope likiwafika kwenye vifundo. Mmoja aliteleza, mwenzake akamdaka kwa kiwiko bila kuangusha mzigo wake, wakacheka, wakaendelea. Na juu yao lango lilikuwa wazi. Ndani ya lango kulikuwa na barabara ya kokoto nyeupe, kavu, iliyonyooka mpaka upande wa pili wa kilima, barabara ambayo ingewapunguzia nusu ya mwendo na tope lote.

Placidius alisimama langoni akiwatazama, akihamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Piteni huku, pakavu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Kokuhirwa, mwanamke mrefu wa makamo ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na ukuta wa boma upande wa magharibi. Kila siku walisalimiana juu ya ua wa kibanja hicho, na kila siku aliishia kwenye ua huo. "Huku tumezoea."

"Mmezoea tope?"

"Tope linaosheka."

Wakapita. Placidius akabaki na lango lake.

Alikuwa karani wa serikali, mzaliwa wa Kamachumu, hajafika miaka thelathini, na kutulia hakukuwa katika mwili wake. Akikaa, goti lilicheza. Akila, macho yalikwisha kutangulia kwenye kazi ya baadaye. Mwaka huo, 1937, mfalme mpya wa Waingereza alikuwa akitawazwa huko kwao, na kila wilaya iliambiwa ifanye jambo la kukumbukwa. Karagwe ikapangiwa bustani. Ngome ya zamani ya Wadachi, iliyokuwa imelala na popo tangu vita, isafishwe, ipandwe maua, iwekwe mabenchi, iwe mahali pa watu wote kupumzikia. Placidius akaletwa kuisimamia. Baada ya miezi ya jembe na jua bustani ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni hao watu wote.

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuja kuikagua, akatembea huku na huku na bakora yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. "Maua ni yako, karani. Umefanya vizuri. Majani ni yangu." Alimaanisha yale majani mafupi, laini, ya kijani kibichi, yaliyofunika uwanja mzima wa ndani. Yalivushwa kwa meli kutoka ng'ambo ya Ziwa, yakapandwa kishina kwa kishina, na mbele yake DC mwenyewe alisimamisha ubao: USIKANYAGE MAJANI. "Lakini maua hayapigi makofi," aliendelea. "Siku ya sherehe nataka kuona watu humu ndani. Wakijaa, nitakuchukua ofisini Bukoba. Wasipojaa, nitajua nilimtuma mtu asiyefaa, na asiyefaa hana kazi kwangu."

Bukoba. Kwa Placidius neno hilo lilikuwa na harufu ya Ziwa na mwanga wa karabai. Lilikuwa pia na uso wa Deodatha, binti wa mwalimu, ambaye baba yake alikwisha kusema hatamwoza mtu anayechunga majani.

Basi alihangaika. Asubuhi alikuwa langoni, mchana langoni, jioni langoni, kama mwenye duka lisiloingia mteja.

Kuna jambo jingine lililomkera kwa watu wa Kashanje. Hawakuitana. Kwao Kamachumu mama yake alikuwa akisimama nyuma ya nyumba na kupaza sauti, jina la mtoto likavuka vibanja viwili na kumkuta juu ya mti. Hapa mtu akimtaka jirani yake wa mteremko wa pili aliliacha jembe, akashuka bondeni, akavuka kijito, akapanda, akamkaribia, akamgusa bega, ndipo akasema alichotaka kusema. Kwa Placidius ulikuwa uvivu uliojivika adabu.

"Kwa nini hamwitani?" alimuuliza siku moja Melkiory, kijana wa Kiruruma aliyekuwa akimsaidia kupunguza maua, na ambaye hakuishiwa neno hata akiwa na njaa.

"Hivyo ndivyo tulivyowakuta wazee, waitu," alijibu, akimwita kwa heshima ya kwao. "Sisi hatuiti, tunafuata."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Tunafuata haraka."

Placidius alicheka, akasahau.

Boma lenyewe lilikuwa la mawe ya mtoni, na kila jiwe lilipanda kilima juu ya kichwa cha mtu. Wadachi walilijenga kabla ya vita, wakaweka askari, wakaweka mzinga ulioelekezwa upande wa mto Kagera, na lango moja tu. Vita vilipowaka, lango likawa mahali pa kukusanyia wapagazi. Kisha asubuhi moja Wadachi wakaondoka, sufuria la uji likaachwa jikoni likitokota. Waingereza wakaingia, wakalala humo msimu mmoja, wakalalamikia funza, wakahama. Yaliyofuata ni majira ya popo na mbuzi. Na ajabu moja: katika miaka yote hiyo, kwa mawe yote yale mazuri, hakuna aliyekwenda kuiba hata moja la kufanyia figa.

Placidius alijua kwamba baba yake aliwahi kufanya kazi Karagwe zamani za Wadachi. Mkalimani, mama yake alisema, na hapo habari ikakoma. Baba alikufa Placidius akiwa mtoto wa kuchunga kondoo, akamwachia vitu viwili: koti la kaki, ambalo nondo walilimaliza, na sauti. Ilikuwa sauti nene, safi, yenye kufika. Kanisani mchungaji alimweka mbele ya kwaya, na wazee wa Kamachumu walisema huyu akifungua mdomo, ni baba yake amefufuka. Alilipenda sana neno hilo. Mtu aliyempoteza baba mapema hukusanya masalia yake popote anapoyaokota.

Sherehe ilipobaki chini ya wiki, alikwenda kwa Ndyamukama, mkungu wa Kashanje, ambaye ndiye aliyewasemea watu mbele ya serikali. Alimkuta nyumbani, ndani ya msonge wake, ameketi juu ya nyasi laini zilizotandazwa sakafuni kama ilivyo desturi ya nyumba inayojiheshimu. Alipewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akachukua buni mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Majani hayajambo?"

"Majani hayajambo. Shida ni watu."

"Watu nao hawajambo."

"Mzee, siku ya sherehe mtakuja?"

"Tuache kuja kwa nini? Serikali imesema."

"Na mtaingia?"

Mkungu alitafuna taratibu. "Tutafika."

"Kufika na kuingia si kitu kimoja."

"Kumbe shule inafundisha." Mkungu alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka bila kuaga. "Karani, nitakwambia neno moja. Ukitutaka, tufuate. Nyumba hii, kisha ile, kisha ile. Ukae, upewe kahawa, useme, uondoke. Usituite."

"Nyumba ni nyingi, mzee. Siku zimekwisha."

"Basi ungeanza jana."

Goti la Placidius lilikuwa likicheza tangu buni ya kwanza. Aliaga, akatoka, akapanda kilima akinung'unika moyoni. Mzee huyu anataka nishinde nikila ndizi za watu mpaka mfalme azeeke. Yeye alikuwa na njia ya mkato. Alikumbuka siku ya zawadi shuleni: jina lako linatajwa mbele ya watu wote, unainuka, unatembea, kifua kimejaa. Nani asiyependa kusikia jina lake likitamkwa kwa heshima? Jumapili baada ya sala angewakusanya mbele ya lango kwa mazoezi ya sherehe, awaite wazee mmoja mmoja, jina la mtu na la baba yake, waingie kwa fahari, na wengine wawafuate kama kondoo wanavyomfuata kiongozi wao.

"Nitajie wazee wanaoheshimika hapa," alimwambia Melkiory.

"Ya nini?"

"Nataka kuwapa heshima."

Melkiory alikuna shingo. Yeye alizaliwa mwaka uliofuata vita, na Kiruruma si Kashanje. Akamtajia.

Jumapili watu walikuja. Walijaa mteremkoni mbele ya lango, wanawake wamekaa upande mmoja na watoto, wazee upande wa pili, vijana nyuma wakitaniana. Mvua ilikuwa imepumzika. Placidius alipanda kwenye jiwe la kizingiti, akalivuta koti lake likae sawa, akaitazama hadhara ile na moyo wake ukadunda kwa furaha. Kisha akafungua koo.

"Kaijage, mwana wa Rwezaura."

Sauti iliruka, ikagonga ukuta wa mawe, ikarudi, ikapita juu ya vichwa vya watu mpaka bondeni. Vijana waliokuwa wakicheka waliacha kwa sababu wazee wao walikuwa wameinua nyuso kwa pamoja, kama ng'ombe wanaosikia kitu porini.

Mzee mmoja mwembamba aliinuka. Aliiweka fimbo yake chini, polepole, kama mtu anayejua hataihitaji tena. Akatembea mpaka hatua moja kabla ya kizingiti, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, vifundo vimegusana.

Placidius alidhani ni salamu ya kale. Alitabasamu, akaendelea.

"Byarugaba, mwana wa Kamugisha."

Wa pili akaja. Alijipanga nyuma ya wa kwanza, akaacha nafasi ya mkono mmoja, akanyoosha mikono vilevile. Wa tatu akaja. Wa nne hakuitwa, alikuja mwenyewe. Wakainuka wengine, wazee watupu, wakajipanga bila kusukumana, nafasi kati ya mtu na mtu ikiwa ileile, na mstari ulinyooka kushinda mistari yote ya maua ambayo karani huyu aliwahi kupanda. Hakuna aliyevuka kizingiti. Walisimama tu na mikono yao, wakingoja.

Upande wa wanawake ulianza mngurumo mdogo, midomo imefungwa.

"Baba," kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma, kicheko kikiwa bado kimemng'ang'ania mdomoni, "mnafanya nini?"

Baba yake alizidi kunyoosha mikono.

Ndipo Placidius alipoelewa kwamba ile nafasi ya mkono mmoja ilikuwa ni urefu wa kamba kutoka mtu hadi mtu. Kamba haikuwepo. Nafasi yake waliishika wenyewe.

Kokuhirwa alipita pembeni ya mstari, akaja mpaka mbele yake. "Mwanangu," alisema, kwa upole wa mtu anayeomba maji, "funga mdomo."

Akaufunga.

Kokuhirwa alimgeukia yule mzee wa kwanza, mumewe, akamgusa bega. "Twende nyumbani, baba Egbert. Ndizi zinaungua." Kaijage alishusha mikono, akaitazama kama iliyorudishwa kutoka kwa mtu aliyeiazima. Wanawake wengine wakaja, kila mmoja akamgusa wake. Mteremko ukawa mtupu. Fimbo ilisahauliwa pale chini, na kijana aliyeuliza swali ndiye aliyerudi kuichukua, akaibeba kwa mikono miwili.

Alibaki mkungu.

"Nilikwambia utufuate," alisema.

"Mzee, walikuwa wakifanya nini wale?"

"Walikuwa wameitika." Ndyamukama aliketi kwenye jiwe, akashusha pumzi. "Baba yako alikuwa akisimama hapo uliposimama. Mdachi anamnong'oneza, yeye anaita. Anayeitwa anakuja, anafungwa, anapewa mzigo. Ulipofika hapa, uso wako ulitutia wasiwasi, lakini nyuso za watu hufanana. Sauti ile ya kuita hatukuwa tumeisikia tangu siku hizo." Akainuka. "Leo tumeisikia."

Mchana ule Placidius alilizunguka boma kama mnyama aliyefungwa kigingi. Alitaka kwenda, hakujua wapi. Alifikiria kuvuka mpaka aingie Uganda. Alifikiria kumwambia DC kwamba watu hawa ni wabishi, basi, na DC angeamini, maana hicho ndicho alichopenda kuamini. Alimfikiria baba yake, aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda Ziwani, aliyekuwa akimfundisha kutamka neno mpaka mwisho wake, asilimeze, asilitafune. Tamka jina la mtu kamili, alikuwa akisema, ndiyo heshima yake. Mtu akirithi koti baya hulivua akalitupa shimoni. Koo analivuaje?

Kesho yake asubuhi aliteremka kwa Kaijage, akapita kwenye tope lenyewe. Alifika uani, mdomo ukataka kupiga hodi, akauzuia. Akasimama tu pembeni ya migomba, viatu vimejaa matope.

Kokuhirwa alitoka na beseni, akamwona. "Nani amekufundisha kusimama hivyo kama mbuzi wa mahari?"

"Shikamoo, mama. Niliogopa kupiga hodi."

"Marahaba. Hodi si jina la mtu. Ingia."

Ndani kulikuwa na giza la baridi na harufu ya nyasi. Kaijage aliketi karibu na mwanga wa mlango akichonga mpini wa jembe. Alisogea kidogo, kumpa mgeni nafasi. Kikapu cha kahawa kikaletwa. Kisu kiliendelea kula mti.

"Alirudi baada ya vita," Kokuhirwa alisema, akimnyooshea mumewe kidevu. "Waliorudi ni wale uliowaona jana, na wengine tumewazika. Lakini tangu arudi, ukimwita jina lake toka mbali, hajibu, anakaa chini na kutetemeka. Wote walikuwa hivyo. Sasa ungefanyaje? Tukaacha kuita. Watoto wakazaliwa wakakuta hatuiti."

"Baba yangu..." Placidius alianza.

"Baba yako hakunifunga," Kaijage alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Placidius kuisikia sauti yake, sauti ya kawaida kabisa ya mzee wa kawaida. "Aliyenifunga ni mwingine. Aliyetaka nifungwe ni mwingine. Lakini hao walisema lugha yao, sikuwaelewa, walikuwa kama mvua. Yeye alisema lugha yetu. Akaliita jina alilonipa baba yangu, akaliita vizuri. Hakukosea hata kidogo." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Afadhali angekosea."

"Nisamehe, mzee."

"Wewe umeniita nibebe nini? Umeniita kwenye maua." Na mzee akacheka kidogo, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi, mpaka Kokuhirwa akampa maji.

Placidius aliitafuna buni yake, haikuwa na ladha. Hata hivyo aliuliza alilokuja kuuliza, kwa kuwa alikuwa bado ni yeye, na siku zilikuwa bado zinakimbia. "Mama, kuna namna yoyote watu wataingia mle?"

"Tuseme tumeingia. Nani anatupokea?"

"Mimi."

"Una mke? Una jiko?"

"Sina."

"Basi na wewe ni mgeni."

"Serikali ndiyo mwenyeji."

"Serikali inapika wapi?" Kokuhirwa aliuliza, na hakuwa anatania. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale ni nani wa kupona? Mahali pasipo mwenyeji mtu haingii, mwanangu. Anaingizwa. Na sisi tulikwisha kuingizwa mara moja."

Kisu cha Kaijage kilisimama. "Kabla ya mawe," alisema, bila kumwangalia mtu, "palikuwa na migomba ya baba. Pale penye waridi lako jekundu. Kibanja chake kilipanda mpaka juu. Wadachi waliikata kwa siku moja."

Placidius alimtazama. Mwana wa Rwezaura. Alikuwa amemwita mtu kwa jina la baba yake, mbele ya watu, kumkaribisha kwenye kibanja cha baba yake huyohuyo.

"Kumbe mwenyeji mnaye," alisema polepole.

"Nyumba haiwi nyumba kwa kutajwa," Kokuhirwa alijibu. "Inawashwa moto. Inatandikwa nyasi."

"Nyasi nitaleta. Nitamtuma Melkiory bondeni leo hii."

"Za bondeni sasa hivi ni matope matupu." Akaokota uzi mmoja wa nyasi kuukuu uliomshika kwenye shuka, akausokota vidoleni. "Nyasi nzuri msimu huu zimeota mahali pamoja tu."

Placidius alicheka. Akamwangalia mama huyo. Akaacha kucheka.

Siku iliyofuata hakumwona mtu na hakutaka kuonwa. Alitembea kwenye kokoto, akifika mwisho anageuka. Majani yalikuwa yamependeza kwa mvua, yaking'aa, kila jani limesimama kama askari wa gwaride. Yalikuwa ya DC. Watu wakijaa bila majani, hiyo haikuwa bustani aliyoagizwa. Majani yakibaki bila watu, hiyo nayo haikuwa. Kila upande aliogeukia, Bukoba ilirudi nyuma hatua moja. Ila upande mmoja ulikuwa na mzee aliyenyoosha mikono, na picha hiyo haikumpisha hata alipofumba macho.

Alfajiri Melkiory alimkuta anang'oa ubao.

"Unaupeleka wapi, waitu?"

"Jikoni."

"Umelala vizuri kweli?"

"Sikulala."

"Inaonekana." Melkiory alimzunguka akimtazama kama anayetafuta kidonda. "Bwana DC anayapenda haya majani kuliko anavyonipenda mimi."

"Basi utafurahi kubaki naye peke yako."

Halafu Placidius alianza kuzunguka. Nyumba hii, kisha ile, kisha ile. Alikaa, akapewa kahawa, akasema, "Kaijage anawakaribisha kwa baba yake," akaondoka. Hakulipaza neno. Wengine walimtazama tu. Mzee Byarugaba alimgeuzia mgongo mpaka akatoka, na Placidius akaona ni haki yake. Miguu ilimuuma. Hakumaliza nyumba zote.

Wanawake walikuja mchana na mundu. Walisimama mbele ya kizingiti, wakajikusanya, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kokuhirwa alifika wa mwisho, amebeba kaa la moto kutoka kwenye mafiga yake ndani ya kigae cha chungu, moshi ukimwingia machoni. Mumewe alikuwa nyuma yake, mkono begani mwake. Hawakusimama. Waliingia kama watu wanaorudi shambani, wakapita kwenye mabenchi, wakapita kwenye waridi jekundu, ambapo mzee alisita kidogo na kuipima ardhi kwa mguu, wakaenda mpaka chumba kilichokuwa cha askari wa zamu. Moshi ulipoanza kutoka huko, wanawake wakavuka.

Walikata majani ya DC kwa utaratibu, mkono huu unashika, mkono huu unapitisha mundu, wakiyasifu kwa sauti ya chini.

"Laini kama nywele za mtoto," alisema mmoja.

"Na huyu mtoto wa watu alikuwa anakataza yasikanyagwe," alijibu mwingine. "Nyasi zisizokanyagwa zina kazi gani?"

"Labda alikuwa anayasubiri yaolewe."

Placidius aliyabeba matita mpaka mlangoni mwa kile chumba, akayaweka chini, akarudi kwa mengine. Ndani hakuingia. Hakuna aliyemwambia asiingie. Kufikia jioni uwanja ulikuwa umebaki vishina vya manjano, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba, naye akauangalia kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Siku ya sherehe ilikucha na jua. Placidius alivaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, akaja langoni mapema, akasimama nje ya kizingiti. Watu walifika kwa vikundi vidogo. Wengi waliishia mteremkoni wakatazama. Wengine walitazama, wakasemezana, wakaingia. Waliompita walimsalimu kama mtu yeyote. Byarugaba alikuja, akasimama sana, akamkagua kuanzia viatu mpaka kola, akaingia. Kutoka chumba cha zamu zilisikika sauti za watu wanaokaa kwenye nyasi, wanaosogezeana nafasi, kikohozi, kicheko cha mwanamke, mtoto akikatazwa kitu. Moshi ulikuwa na harufu ya ndizi.

Hakuna aliyemwambia karibu. Wote walijua yuko pale.

Kutoka barabara ya Omurushaka honi ililia mara mbili.

"Gari hilo, bwana karani," alisema Melkiory, ambaye siku hiyo hata yeye hakuwa na mzaha. "Ingia ndani basi, ukampokee kule kwenye mabenchi kama tulivyopanga. Akikukuta umesimama nje utamwambia nini?"

"Kwamba sijakaribishwa."

"Wewe?"

"Mimi."

Injini ilinguruma ikipanda, ikabadilisha gia kwenye kona, ikatokeza pua nyeusi ya gari yenye bendera ndogo. Placidius hakugeuka kuitazama. Alikuwa anatazama ndani, mlango wa chumba cha zamu, ambapo Kokuhirwa alikuwa ametokea na kikapu kidogo cha kahawa mkononi. Alianza kuja kwa mwendo wake wa kila siku, akikanyaga vishina. Nusu ya njia akasimama. Akakinga jua kwa mkono, akalitazama gari linalokuja, akamtazama kijana aliyesimama nje ya lango, akalitazama gari tena, kama mama wa nyumba anayeona wageni wawili wametokea kwa pamoja, anapima ni yupi aliyetangulia kufika.